Wadogo zangu, iacheni kliki ipande

Wiki hii nimekagua kodi za JavaScript za kurasa za wavuti walizoandika vijana watatu, na kwa wote watatu nimekuta mstari uleule: event.stopPropagation(), yaani amri ya kuzuia kliki isiendelee na safari yake. Nawapenda, lakini hapa lazima tuelewane.

1. Kliki haiishii pale ilipoguswa. Inashuka kutoka window hadi kwenye elementi yenyewe (kitufe, picha, kiungo), kisha inapanda tena, mzazi baada ya mzazi, yaani kila elementi inayoibeba nyingine ndani yake. Zamani watengeneza vivinjari walivutana: Netscape ilitaka tukio (kama kliki) lishuke, Microsoft ikataka lipande. W3C, shirika la viwango vya wavuti, ikakubali yote mawili katika kiwango cha DOM Level 2 mwaka 2000. Kadi kusikia kliki ya kitufe kilichomo ndani yake si hitilafu.

2. Msizibe njia. Niliwahi kuwa na kadi (kisanduku cha ukurasa) inayofungua maelezo ikibofywa, na ndani yake kitufe cha kufuta. Ukibofya kufuta, maelezo nayo yanafunguka. Nikaweka stopPropagation, ikatulia, nikaenda zangu. Majuma kadhaa baadaye mwenzangu akalalamika kwamba menyu yake ya juu wakati mwingine haifungi mtu akibofya nje. Alihangaika siku mbili. Mimi nilikaa pembeni yake nikamwambia, tena mbele ya watu, kwamba kodi yake haijapangwa vizuri. Kumbe msikilizaji wake, yaani kodi inayongoja tukio, alikuwa juu kabisa kwenye document (ukurasa mzima), akingoja kliki ambazo mimi nilikuwa nazizima huku chini. Kodi yake ilikuwa safi. Nilimwomba radhi mbele ya walewale, na mpaka leo nikiuona mstari huo moyo unanishtuka. Dawa ilikuwa fupi tu, ndani ya msikilizaji wa kadi, kwamba kama kliki imeanzia ndani ya kitufe, kadi iiache ipite (closest hutafuta kuanzia palipoguswa kwenda juu): if (event.target.closest('button')) return;

3. target ni pale palipoguswa. currentTarget ni pale msikilizaji alipowekwa. Weka ikoni ya SVG (picha ya michoro) ndani ya kitufe uone: ukiigusa, target inaweza kuwa path, yaani mstari wa mchoro, na kitufe hukioni. Kwa hiyo closest.

4. Ukiwa na safu mia za jedwali, weka msikilizaji mmoja tu kwenye mzazi wao, kliki zitampandia. Ila focus (tukio la elementi kuchaguliwa ili iandikwe au itumiwe) haipandi, tumieni focusin.

5. preventDefault inamzuia kivinjari asifuate kiungo. Haizuii wazazi kusikia. Ukiiandika pamoja na stopPropagation "kwa usalama", nitakuuliza ulikuwa unataka ipi.

6. Yule kijana wa tatu alikuwa na sababu, na nilifurahi kwamba nilimuuliza kabla ya kufoka. Kipengee cha menyu yake kikibofywa kinajiondoa kwenye ukurasa. Kliki inaendelea kupanda, inafika document, pale menu.contains(event.target) inajibu false kwa kuwa kipengee hakipo tena ndani, na menyu inafungwa ingawa mtu alibofya ndani yake. Tukaweka event.composedPath().includes(menu), inayouliza kama menyu imo kwenye njia ya kliki, maana njia ya tukio hupangwa kabla msikilizaji yeyote hajaitwa. Menyu ikabaki wazi, na ule mstari akaufuta mwenyewe.