Kupanga kemikali za labu kwa ABC? Hapana

Mwalimu, umeuliza kama ni sawa kupanga stoo yenu kwa ABC ndio kila mtu apate chupa haraka siku ya praktiko. Mimi nasema hapana kabisa, nimefanya kazi kwa labu za shule huku Eastlands, Nairobi, miaka mingi na hiyo ABC ndio kitu cha kwanza naangalia nikiingia stoo mpya.

Chukua P peke yake. Potasiamu pamanganeti inakaa bega kwa bega na propanoli na propanoni, yaani kemikali inayotoa oksijeni ya kulisha moto imekaa kando ya zile zinazowaka. Gliserini ikimwagikia hiyo pamanganeti inashika moto yenyewe, bila kiberiti. Nenda S, hapo utakuta sodiamu jirani ya asidi ya salfyuriki.

Panga kwa tabia. Zinazowaka ziingie kabati ya chuma mbali na bansena (jiko la gesi la labu) na soketi, na tafadhali ethanoli au etha isiingie friji ya kawaida, ile swichi yake ya ndani inatoa cheche na mvuke wa etha hauhitaji kingine. Oksidaiza, yaani hizo zinazotoa oksijeni kama pamanganeti, zipate rafu yao. Asidi zikae chini kabisa, chini ya usawa wa macho, kila chupa ndani ya beseni la plastiki, haya mabeseni ya soko la Gikomba yanafaa, lakini asidi ya nitriki ipe beseni lake peke yake, hapo watu wengi wanaona imeandikwa asidi basi wanaiweka na ya ethanoiki, kumbe nitriki ni oksidaiza na ethanoiki inawaka. Na ukiona vumbi jeupe kwa vifuniko na kwa kioo cha dirisha usipanguse tu uende zako, hiyo ni amonia na asidi ya haidrokloriki zimekuwa zikikutana hewani, inamaanisha mmeziweka karibu sana.

Sodiamu lazima ikae ndani ya mafuta, na mafuta yanapungua likizo ndefu stoo ikiwa imefungwa chini ya mabati, kwa hivyo iangalie kabla ya kufunga shule na mkirudi. Chupa ya etha andika tarehe uliyoifungua. Ikikaa sana inatengeneza peroksaidi, kitu kinacholipuka kikiguswa, ukiona fuwele kwa kifuniko usijaribu kuifungua na usiisogeze, toa watu nje ufunge mlango.

Mkuu wa shule atataka kununua nyingi kwa sababu ya bei. Mkatalie, nunua ya muhula. Ule mlipuko wa bandari ya Beirut, Lebanoni, 2020 ulikuwa amonia naitreti tani 2,750 imeachwa ghalani miaka, yenu ni kidogo lakini kuacha ni kulekule.

Zilizoharibika usimwage kwa sinki, zinaishia kwa mto. Ziandike kwenye daftari, zitenge, utafute kampuni yenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ya kubeba taka hatari, na uwaambie mapema ni za aina gani ndio waje na vyombo vyake.