Maua ya kilimani

Kwako mwanangu,

Swali lako la juzi kwenye simu, "Mama, kwa nini unampelekea maua mtu aliyechoma miji?", nililikimbia. Nikasingizia chapati zinaungua. Sikuwa napika chochote.

Yule mzee nilimhudumia miaka miwili hapa Lincoln, Uingereza, nikimwogesha na kumlisha. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa mpiga bunduki wa nyuma kwenye Lancaster, ndege ya kuangusha mabomu. Walipanda vijana saba. Sita walikuwa mbele, yeye peke yake mkiani, ndani ya kibanda cha vioo chenye bunduki nne. Mwavuli wa kuruka nao haukuenea humo, ulitundikwa nje ya mlango, mgongoni kwake. Ndege ikishika moto, kwanza aufikie. Baridi iliweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, na joto lao lilikuwa nguo za umeme, ambazo nazo huharibika. Saa nyingi gizani anatafuta ndege ya adui, na kusinzia ni kuua wenzake.

Zamu ilikuwa safari 30 za kwenda kupiga mabomu. Aliimaliza. Kati ya vijana kama 125,000 waliorushwa na kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, 55,573 walikufa.

Bomu hakuliangusha yeye, kazi hiyo ilikuwa ya mwenzake wa mbele. Mwingine angejitetea hivyo. Yeye aliniambia, mtu wa mkiani huketi ameupa mgongo upande iendako ndege, kwa hiyo ndege ikigeuka kurudi nyumbani, wote wanatazama mbele, yeye anautazama mji. Julai 1943 alikuwa juu ya Hamburg, mji wa Ujerumani. Siku zile chache waliangamia watu zaidi ya 30,000. Nikimkanda miguu alikuwa akirudia jambo moja tu: moto ule ulichelewa sana kutoweka machoni. Kila aliyemwita shujaa, yeye alimpa mgongo akatazama ukuta.

Kumsamehe si haki yangu, mimi si wa Hamburg.

Na maua yenyewe, mwanangu, si yake. Kuta za kumbukumbu pale kilimani Canwick zina majina ya waliokufa wakikitumikia kikosi kile, karibu 58,000, wakiwemo na wasiorushwa, na yeye alirudi. Aliniomba nimtafutie jina la jirani yake wa kitanda, aliyekwenda Nürnberg, mji mwingine wa Ujerumani, Machi 1944, usiku ambao ndege 95 zilipotea. Nililipata. Ndipo ninapoyaweka.

Jumapili naenda tena. Ukija, vaa koti zito, upepo wa kule hauna adabu.

Mama yako