Mkuu, simama hapo: zima seva kwanza, ndipo uhamishe data ya wanachama

Mkuu, usihamishe kitu leo usiku. Umesema seva ya saccos yenu hapo Dodoma unaisimba diski, yaani unaifunga data isisomeke, kwa ufunguo unaokaa ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, ufunguo mkuu, ule unaofunga funguo nyingine, ni wa aina ya user (baiti unazoziingiza mwenyewe) uliouchota /dev/urandom, chanzo cha baiti za nasibu, na unauliza mambo matatu: uuweke shada (kapu la funguo) la @s, la kipindi, au @u, la mtumiaji, AES (njia ya kusimba) iwe ya biti ngapi, na ruhusa za ufunguo ziweje. Nimesoma maelezo yako yote nikitafuta ulipoandika nakala ya ufunguo mkuu iko wapi. Haipo. Basi hayo matatu yasubiri.

Ushirika wetu wa wakulima wa zabibu ulipita njia hiyo hiyo. Ilipokuja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, uongozi ukataka rekodi za wakulima zisimbwe: nani kaleta kilo ngapi, kalipwa lini, namba yake ya simu. Akaletwa mtaalamu kwa mkataba. Akatengeneza ufunguo mkuu kama wako, kisha ufunguo wa data wa aina ya encrypted, ambao kerneli inauzalisha yenyewe na hakuna binadamu anayeuona. Kinachotoka nje ni kifurushi kilichofungwa kwa ule ufunguo mkuu. Kifurushi akakihifadhi vizuri kabisa kwenye diski. Ufunguo mkuu akauacha @u. Nilimuuliza unatunzwa wapi, akajibu, "Kerneli inautunza," nami nikaridhika.

Kerneli inautunza kwenye RAM, kumbukumbu inayofutika mashine ikizimwa, mkuu! Huduma hii ya funguo imo kwenye Linux tangu toleo 2.6.10 la mwaka 2004, na ufunguo wa aina ya user haujawahi kuwa kitu cha kubaki mashine ikizimwa. Huyu bwana alilipwa kwa kazi ya funguo na jambo hilo hakulisema wala kuliandika popote kwenye ripoti yake, ripoti yenye jalada gumu na picha za kufuli.

Msimu wote seva haikuzimwa, kwa hiyo kila kitu kilionekana kizima. Kisha umeme ukakatika usiku, UPS, betri ya akiba, ikaisha chaji. Asubuhi mashine imewaka, shada tupu. Kupakia kifurushi kunarudisha "Required key not available", na ndivyo inavyopaswa: kifurushi kipo, cha kukifungulia hakipo.

Sasa sikia kilichotuumiza kuliko vyote. Bekapu tulikuwa nazo, kila wiki, lakini zilikuwa nakala za diski ile ile ikiwa imesimbwa. Na kwa kuwa alitumia dm-crypt (kisimba diski cha Linux) tupu bila LUKS (mpangilio unaotunza funguo kwenye diski yenyewe, zikifunguliwa kwa maneno ya siri), hapakuwa na nafasi ya pili ya neno la siri. LUKS2 ingetupa nafasi hadi 32. Kwa hiyo tulikuwa na rundo la nakala na hakuna hata moja inayofunguka. Tulirudi kwenye stakabadhi za karatasi. Kina mama waliokuwa wameleta mzigo tangu mwanzo wa msimu walipanga foleni na vikaratasi vyao vilivyofifia, tukiandika upya kilo kwa kilo. Aliyepoteza stakabadhi yake ilibidi abishanie jasho lake mwenyewe na watu wa mizani. Hilo sijalisahau, na ndiyo maana nakuandikia kwa ukali.

Kanuni ni hii tu: hakuna data ya kweli inayoingia mpaka umezima mashine kabisa, ukaiwasha, na mtu mwingine, si wewe, akaifungua diski kwa kutumia vitu vilivyoko nje ya mashine hiyo. Kama hawezi, hujamaliza kufunga mfumo.

Kwa upande wako fanya hivi. Zalisha ufunguo mkuu kwenye mashine isiyo na intaneti, uweke kwenye faili, faili liende kwenye fulashi mbili zinazofungiwa sehemu mbili tofauti. Uingize kwa keyctl padd (keyctl ni amri ya kusimamia funguo za kerneli) ukiusoma kutoka kwenye faili. Usiuandike ndani ya amri ya keyctl add: ps, amri inayoorodhesha programu zinazoendelea, itauonyesha wakati amri inaendelea, na tena bash, programu inayopokea amri zako, hutupa baiti za sifuri zilizo ndani ya $(...), yaani tokeo la amri moja linaloingizwa ndani ya nyingine, kwa hiyo ufunguo unaweza kuingia mfupi kuliko unavyodhani. Ukitengeneza ufunguo wa data, utoe kifurushi chake kwa keyctl pipe, nacho kiende kwenye fulashi hizo hizo.

Kama seva ina chipu ya TPM, ya kulinda siri za mashine, ni vizuri zaidi ufunguo mkuu wa kila siku uwe wa aina ya trusted, maana wa user husomeka na programu yoyote yenye ruhusa. Lakini wa trusted umefungwa na chipu iliyo kwenye ubao wa mashine hiyo. Ubao ukiungua, ufunguo nao umekwenda. Ujanja ni kuufunga ufunguo wa data mara mbili: kwanza chini ya ule mkuu wa kwenye fulashi, toa kifurushi, kisha keyctl update na neno "update trusted:" likifuatiwa na jina la mkuu wa TPM, toa kifurushi cha pili. Ufunguo wa data ni ule ule, milango miwili. Na ukiufunga wa trusted kwa vipimo vya PCR, alama ambazo TPM huweka za programu zilizowasha mashine, kumbuka kusasisha firmwea (programu ya ndani ya ubao) kunaweza kuvibadilisha, kwa hiyo mlango wa fulashi uujaribu kabla ya kila sasisho.

Kuhusu @s, usiutegemee kwa huduma ya systemd, kiendeshaji cha huduma za Linux: kwa kawaida kila huduma hupewa shada lake la kipindi. Kesho ukishaizima na kuiwasha, andika hapa nani aliifungua na kwa kitu gani.