Msimwulize dereva, mwulizeni utingo

Swali la wiki la jarida lenu lilikuwa hili: "Ukikesha usiku mzima, kesho yake unakuwa mtu wa namna gani?" Swali zuri, ila mmemwuliza asiyejua. Aliyekosa usingizi ndiye wa mwisho kufahamu amekuwaje. Mwulizeni aliyekaa pembeni yake.

Mimi nimekaa pembeni. Kuanzia 1998 mpaka 2004 nilikuwa utingo wa malori ya masafa, Dar es Salaam hadi Tunduma na kurudi, mara nyingine tukivuka kuingia Zambia kufuata shaba. Kwa wasioijua kazi ile, utingo hufunga turubai, huweka jiwe nyuma ya tairi, hupika, huosha gari, hulinda mzigo. Hayo ndiyo unayoambiwa siku ya kwanza. Kazi ambayo hakuna anayekutajia ni kumwangalia dereva usiku. Unajifunza kumsoma mtu kwa shingo, kwa kope, kwa namna anavyoshika usukani. Nilipanda na wengi, lakini wawili ndio ambao hadi leo nawalinganisha kichwani.

Wa kwanza tulimwita Babu, ingawa hata hamsini hakuwa amefika. Babu alikuwa na usingizi wa kuchekesha. Ikigonga saa saba usiku anaanza kupiga miayo mpaka taya linalia. Saa nane anajikuna sikio la kushoto. Akishaanza sikio najua imebaki kama nusu saa, atatafuta pa kupaki, na hakuona haya hata chembe. Anazima gari, ananiambia, "Dogo, weka jiwe." Nikirudi namkuta ameshamimina chai ya moto kwenye kifuniko cha chupa na kuiweka kwenye dashibodi mbele yangu. "Ikipoa, niamshe." Hata sijakaa sawa, ameshalala kama pono, mdomo wazi. Kazi yangu ikawa kuchovya kidole kwenye chai na kupima. Kwa baridi ya Mafinga haichukui robo saa. Ruaha Mbuyuni, kwenye lile joto, inakwenda dakika ishirini na zaidi, na nadhani ndiyo maana alipenda kupaki kule. Nikimwamsha anainywa ileile iliyopoa kwa mkupuo mmoja, ananawa uso, tunaondoka. Usiku mmoja tungeweza kusimama hivyo mara tatu. Wenzake walimcheka sana na kumpa jina ambalo jaridani haliandikiki.

Wa pili alikuwa kijana mcheshi, kipenzi cha tajiri kwa sababu mzigo wake ulifika kabla ya wa wengine. Nilikaa naye mwaka na ushei, sikuwahi kumwona akipiga miayo. Tunaondoka Tunduma jioni, usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala kwa ajili ya foleni ya mpakani, na bado anaimba, anapiga stori, ananiuliza habari za nyumbani. Mirungi? Wapo waliotafuna, ingawa kwetu Tanzania ni marufuku. Yeye hakuwa mtu wa majani. Alikuwa na kahawa, karanga na mdomo wake. Kwenye vijiwe vya madereva sifa zake zilikuwa hizo: yule jamaa chuma. Nami nilijivuna kupanda naye.

Sasa usiku wenyewe. Tunakwenda Dar na shaba. Makambako tumepima mizani kama saa nne usiku, tumepita Mafinga, tumepita Iringa, saa nane na kitu tunaikaribia Ilula. Stori zinaendelea. Katikati ya stori ananiuliza, "Dogo, Makambako tumeshapima?" Nikacheka nikidhani ni utani wake, nikamwambia tumepima, bosi. Akasema sawa, akaendelea na stori palepale alipoiachia. Dakika kumi hazijaisha: "Makambako tumeshapima?" Sauti ileile, uso uleule.

Hapo ndipo nilipomwangalia vizuri. Macho wazi. Hayakuwa mekundu, hayakuwa mazito, ila yalikuwa hayapepesi. Lori lililokuja mbele yetu likammulika usoni na kope haikucheza. Mguu umekaa kwenye mafuta kama umesahauliwa pale.

Anayeijua njia ile anajua kinachofuata baada ya Ilula. Kitonga. Kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na lori lenye mzigo kama ule linatakiwa lianze kushuka likiwa tayari kwenye gia ndogo. Ukiingia na gia kubwa ukategemea breki, zitachemka kabla hujafika katikati. Nikamwita, "Bosi, Kitonga hiyo." Akajibu, "Naiona." Hakugusa gia. Nikaita tena, kimya. Nikampiga ngumi ya bega, kitu ambacho utingo hamfanyii dereva wake. Akashtuka, akakanyaga, gari likaunguruma na kuyumba, tukasimama kabla ya kona ya kwanza, tairi za kushoto zikiwa kwenye changarawe.

Akanigeukia kwa hasira. "Unanipigia nini?"

"Ulikuwa umelala, bosi."

"Nimelala! Na macho yangu yalikuwa wazi?"

Na kweli yalikuwa wazi. Nikamkumbusha maswali ya Makambako. Akaniangalia kama mtu anayesingiziwa, akaapa hajaniuliza hata mara moja. Hakuwa anadanganya, na hilo ndilo lililonitia baridi kuliko korongo lenyewe. Mwezi uliofuata niliomba kurudi kwa Babu. Utingo wenzangu waliniona nimechanganyikiwa, kuacha gari la haraka na kwenda kupima chai kwa kidole.

Kwa miaka mingi sikuwa na maneno ya kulieleza jambo lile. Siku hizi nina duka la spea hapa Msamvu, na binti yangu anasomea uuguzi. Likizo moja nilimsimulia, naye akaniletea habari za utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na watu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Walichukua watu 48 wenye afya zao. Wengine waliruhusiwa kulala kwa muda wa saa nane kila usiku, wengine saa sita, wengine saa nne, siku 14 mfululizo, na kundi moja likakeshwa siku tatu bila kulala kabisa. Wakawa wanapimwa mara kwa mara: alama ikitokea kwenye skrini, bonyeza kitufe upesi. Wale wa saa sita na wa saa nne walizidi kuharibika siku hadi siku, mpaka wakawa wanapitiwa kama mtu aliyekesha usiku mmoja, hata miwili. Walipoulizwa wanajisikiaje, walisema usingizi upo kidogo. Baada ya siku chache za mwanzo walijiona wameshazoea. Makosa yakapanda, wao wakabaki palepale.

Nilimwomba anisomee mara ya pili. Niliona kebini, niliona karanga kwenye dashibodi.

Mwaka uliofuata, 2004, baadhi ya watafiti walewale walitoa kazi nyingine ambayo inajibu swali lenu moja kwa moja. Watu 21 walikeshwa saa 36, wakaachwa wapumzike, kisha wakarudiwa, mara tatu kwa jumla. Aliyeanguka vibaya mara ya kwanza alianguka vibaya mara zote. Aliyehimili, alihimili tena. Tofauti ilikuwa kubwa na ilikuwa ya mtu mwenyewe, haikutegemea alilalaje wiki iliyotangulia. Kwa hiyo ninyi mnaojiita chuma, inawezekana kweli mmeumbwa hivyo. Lakini waligundua na kitu cha pili: kujisikia umechoka na kuharibika kazi havifuatani. Yupo anayelalamika sana na bado anabonyeza kitufe kwa wakati. Yupo asiyesikia chochote na anapitiwa kila dakika. Babu na yule kijana, kabisa.

Wapo watakaonitajia yule kijana wa San Diego, Marekani, Randy Gardner, aliyekesha siku 11 akiwa na miaka 17, Desemba 1963 kuingia Januari 1964. Watu hupenda kusimulia kwamba siku za mwisho bado kijana huyo aliweza kumshinda daktari wa usingizi, William Dement, kwenye mchezo wa mashine wa kurusha gololi. Sawa, alimshinda. Lakini siku ya 11 aliambiwa ahesabu kwa kutoa saba saba kutoka mia. Akaenda 93, 86, 79, 72, 65, akanyamaza. Alipoulizwa mbona umesimama, akasema amesahau alikuwa anafanya nini. Mimi nikisoma 65 nasikia "Makambako tumeshapima?"

Kuhusu wale wa "saa nne zinanitosha": wapo kweli wanaotosheka na usingizi mfupi. Mwaka 2009 watafiti wa California, akiwamo Ying-Hui Fu, walieleza habari za mama na binti yake wenye badiliko katika jeni moja ya urithi, waliokuwa wakilala saa sita na ushei wakati ndugu zao wakihitaji nane, na wakawa wazima. Ni wachache mno. Njia ya Tunduma peke yake nilikutana na zaidi ya ishirini waliojihesabu humo, kabla hata jeni hiyo haijapata kusikika.

Kahawa nayo ina watu wake. Unapokaa macho, ubongo unajikusanyia kitu kinachoitwa adenosini, ndicho kinachokusukuma ulale. Kafeini inakaa mahali pake na kuizuia isisikike, lakini yenyewe inaendelea kujazana. Halafu kila mwili unaisafisha kafeini kwa mwendo wake. Mimi nakunywa kahawa saa mbili usiku na saa tatu nimelala fofofo. Mke wangu akinywa kikombe kimoja alasiri, saa sita usiku bado anageukageuka akinilaumu kwamba nakoroma.

Huyo mke wangu naye ni mfano. Tulipata pacha mwaka 2006. Miezi mitano hakulala saa tatu mfululizo, na nilimwona hatetereki: anajua nani kanyonya saa ngapi, nani ana homa, nani kabadilishwa nepi. Mimi nilikuwa nalala kuliko yeye na nilikuwa kinyonge, nanuna kwa neno dogo, nagombana na wateja kwa ajili ya fen belti. Nikasema huyu ndiye chuma halisi. Mpaka asubuhi alipoweka simu kwenye friji na kutuamuru wote tuitafute, akitulaumu kwa uzembe. Ililia mle ndani nilipoipigia. Alifungua mlango, akaitoa, akaishika sikioni na kusema haloo.

Hata msibani utaona. Wanaume mmekaa nje, moto unawaka, karata zinachezwa. Saa nne tu mmoja ameshajikunja kwenye mkeka, watu wanamsema kwamba marehemu hakuwa wake. Mwingine anakesha siku tatu, anapanga kila kitu, halafu ndiye anayepeleka gari la maji kwenye msiba wa mtaa wa pili.

Mbona nimerefusha hivi? Kwa sababu tangu 2023 mabasi ya abiria yaliporuhusiwa tena kutembea usiku hapa kwetu, nasafiri mara nyingi kufuata mzigo, na ule muda wa saa nane hadi karibu na alfajiri, ambapo mwili wa binadamu hushuka hata kama umelala mchana, uko palepale ulipokuwa wakati wangu. Nikikata tiketi naomba siti ya mbele. Dereva anayepiga miayo na kumwamsha mwenzake wapokezane hanitishi, namshukuru kimoyomoyo. Anayecheka na konda tangu Dar mpaka Iringa bila kupepesa, huyo simwondolei macho.

Mmesema kila anayejibu aeleze na yeye mwenyewe huwaje. Juzi tulikesha na mgonjwa, kwa hiyo asubuhi yake nilimwuliza mke wangu, maana yeye ndiye anayekaa pembeni.

"Unakuwa unauliza kitu kimoja mara tatu," akaniambia.

Nikamwuliza, kitu gani?

"Hicho hicho. Na nimeshakujibu mara mbili."

Msomaji wenu,
Msamvu, Morogoro