Blade Runner 2049: mimi na kaka yangu tulisubiri filamu mbili tofauti

Mleta uzi anasema ameona watu wanaoijua sinema wakigawanyika kabisa kuhusu Blade Runner 2049. Mmoja anaiita kazi isiyo na mfano, mwingine anasema alilala fofofo. Anauliza nani mkweli, na kama ni lazima aanze na ile ya zamani. Nitajibu kwa kirefu kwa sababu mimi nimekaa kambi zote mbili. Tahadhari mapema: nitataja mpaka mwisho wake. Kama hujaiona na hupendi kuharibiwa utamu, ruka aya zote uende ile ya mwisho.

Ile ya kwanza, ya Ridley Scott ya mwaka 1982, niliijua kupitia kaka yangu. Yeye aliiona kwenye kanda ya video, toleo lililokwenda sinema: Harrison Ford, anayecheza Deckard, anasimulia juu ya picha kama mpelelezi aliyechoshwa na kazi, na mwishoni yeye na mpenzi wake wanatoroka kwa gari kwenye milima mizuri. (Picha za milima hiyo ni mabaki ya The Shining ya Stanley Kubrick. Nikikumbuka hilo huwa nacheka peke yangu.) Usimulizi na mwisho huo vilibandikwa baada ya maonyesho ya majaribio ambako watazamaji walitoka hawajaelewa kitu. Mimi nilianzia kwenye toleo la 2007, ambalo Scott alilimaliza apendavyo mwenyewe. Hakuna msimulizi, hakuna milima. Mlango wa lifti unafungwa, basi.

Kwa hiyo kwa miaka mingi tulikuwa tunasifia filamu moja kwa jina, kumbe kila mtu ana yake. Yeye alipenda hadithi ya upelelezi kwenye mvua. Mimi nilipenda fumbo: Deckard, anayewinda replikanti, yaani watu waliotengenezwa kiwandani, je na yeye ni mmoja wao? Toleo lake halimsukumi mtu kujiuliza hivyo. Langu limepandikiza ndoto ya farasi mwenye pembe moja makusudi ili ujiulize.

Mwendelezo ulitoka Oktoba 2017, miaka 35 baadaye, chini ya Denis Villeneuve. Tulikwenda pamoja. Kaka alitaka muziki kama wa Vangelis wa ile ya kwanza na adui mwenye uzito wa Roy Batty, yule replikanti aliyechezwa na Rutger Hauer anayekufa kwenye mvua akikumbuka aliyoyaona. Mimi nilitaka jibu la swali langu. Filamu ina dakika 163, na ile ya kwanza haifiki hata saa mbili. Kaka alisinzia. Mimi sikusinzia, ila nilitoka nimenuna, maana kuna mahali adui, Wallace, anamwambia Deckard kwamba huenda alitengenezwa ili ampende Rachael, yule mpenzi wake wa ile ya kwanza, halafu hapohapo anaachia swali lining'inie. Nikasema wametufanya watoto. Nikaandika hivyo mahali pengi, kwa maneno makali kuliko haya.

Nilirudi kuitazama miaka kadhaa baadaye, peke yangu, sina ninachokisubiri. Ndipo nikaona kitu ambacho mara ya kwanza nilikitazama bila kukiona.

Sisi tumekua na sheria ya stelingi: stelingi hafi, na mambo yote ya dunia ile yanamzunguka yeye. K, anayechezwa na Ryan Gosling, ni replikanti na anajua hivyo tangu mwanzo. Anafanya kazi polisi, kuwaua replikanti wenzake wa matoleo ya zamani. Anakuta mifupa ya Rachael, replikanti, aliyefariki akijifungua mtoto wa Deckard, jambo ambalo halikutakiwa kuwezekana. Chini ya mti hapo kuna tarehe imechongwa, 6.10.21, na K anaikumbuka tarehe hiyo kwenye farasi wa mbao wa utotoni mwake, utoto ambao ameambiwa ni wa kupandikizwa. Anakwenda mahali alipomficha farasi yule kwenye kumbukumbu, anapapasa ndani ya tanuri, anamkuta. Wewe uliyekaa kwenye kiti unasema aha, ndiye yeye, ndiye mtoto! Mpenzi wake wa hologramu (picha ya mwanga), Joi, anampa jina la mtu, Joe, kwa sababu mtoto wa kuzaliwa hastahili kuitwa kwa herufi.

Halafu kiongozi wa replikanti waasi anamwambia kwamba mtoto alikuwa wa kike. Anamtazama usoni, anagundua K alidhani ni yeye, na anamwambia kwamba wote waliwahi kutamani hivyo. Kumbukumbu ni ya kweli, ila ni ya mtu mwingine. K ni kibarua aliyeazimwa utoto wa mtu mwingine.

Hapo ndipo ugomvi wote ulipo, kwa maoni yangu. Ukienda kumtafuta stelingi, unahisi umetapeliwa baada ya kukalishwa saa mbili. Lakini tazama anachofanya K baada ya kunyang'anywa kila kitu. Waasi wanataka amuue Deckard, mwajiri alimtaka amuue mtoto, na yeye anachagua kumtoa Deckard kwenye maji na kumpeleka kwa binti yake. Hakuna aliyemtuma. Kisha analala kwenye ngazi, theluji inamwangukia, na wala mlango wa chumba walimo baba na binti haumhusu. Stelingi amekufa nje ya hadithi ya watu wengine. Sikumbuki sinema nyingine ya fedha nyingi namna hii iliyothubutu kitu kama hicho.

Na swali langu la Deckard? Mara ya pili sikulihitaji. Kama K ni wa kiwandani na amefanya hayo, nimlazimishe Deckard kupima damu ya nini?

Sasa msinielewe vibaya, wapo wanaoipinga kwa hoja, na baadhi ya hoja hizo sina la kujibu. Wallace, tajiri kipofu anayechezwa na Jared Leto, ni shimo. Anaongea kama mahubiri ya mtu aliyeandikiwa na kamati, anamchoma kisu mwanamke aliyetoka kutengenezwa dakika moja iliyopita ili tu tujue ni mbaya, halafu filamu inakwisha yuko salama ofisini kwake kama hakuna lililotokea. Waasi nao wanatokea, wanatoa hotuba, wanapotea. Hizo ni mbegu za sehemu ya tatu ambayo mapato hayakuiruhusu: filamu iliyogharimu zaidi ya dola milioni 150 bado ilionekana ni hasara kwa waliotoa fedha. Ya 1982 nayo haikufanya vizuri sokoni, ilitoka wiki mbili baada ya filamu maarufu ya E.T. na ikamezwa. Labda ni ugonjwa wa ukoo.

Hoja ya wanawake pia ni nzito. Joi ni bidhaa, Luv, msaidizi wa Wallace, ni mtumwa, Rachael ni mifupa, na binti mwenyewe amefungiwa nyuma ya kioo. Watetezi husema filamu inalionyesha hilo ili kulilaani, na lile tangazo kubwa la Joi uchi, la waridi, linalomwita K "Joe" kama linavyomwita mteja yeyote, kwangu ndiyo picha ya kikatili kuliko zote humo. Lakini kulaani jambo huku kamera imetulia inalifaidi ni kazi ngumu, na si kila mara Villeneuve ameiweza.

Urefu: Scott mwenyewe, aliyekuwa mtayarishaji mtendaji, alisema hadharani ni ndefu mno na angekata nusu saa. Mimi ningekata yote ya Wallace na nisingegusa dakika moja ya K akitembea kimya. Kwenye picha sidhani kuna ubishi. Mpigapicha Roger Deakins alikuwa ameteuliwa Oscar mara 13 bila kushinda, na hii ndiyo iliyompa ya kwanza. Muziki ni mjadala mwingine. Kaka anasema wa Vangelis unalia na huu wa Hans Zimmer na Benjamin Wallfisch unanguruma tu, na siwezi kusema amekosea.

Jibu kwa mleta uzi: ndiyo, anza na ya zamani, toleo la 2007. Bila hiyo, kumuona Rachael "akirudi" na Deckard akimkataa hakutakuuma. Katikati ya hizo mbili kuna filamu fupi tatu. Mbili unaweza kuzipita, ila ya katuni ya Shinichiro Watanabe itazame, inaeleza kwa nini kumbukumbu za kompyuta zilifutika. Kisha itazame 2049 usiku, skrini kubwa kadiri utakavyopata, simu mbali. Ukimaliza njoo utuambie ulisinzia dakika ya ngapi. Kaka yangu aliamka aliposikia sauti ya Ford, na mpaka leo anabisha kwamba kwenye filamu hiyo hakuna nyuki.