Nimetaja mbinu 21, kwa nini naambiwa sijachambua?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa pili hapa Mbeya. Tulipewa filamu fupi ya dakika 14 kuhusu kijana wa Mwanjelwa anayevutwa na genge la kijiweni. Nimeorodhesha mbinu 21 za kamera, mwanga, sauti na uhariri, kila moja nikaipa maana kwa kufuata jedwali tunalouziwa steshenari: engo ya chini (kamera ikimtazama mtu kutoka chini) ni nguvu, nyekundu ni hatari, kamera inayotikisika ni wasiwasi. Kwa mfano, kijana anaanza akicheza mpira na jezi nyekundu, kijiweni anavaa koti jeusi kama wenzake, na mwishoni jezi ile anaonekana nayo mdogo wake. Niliandika "hatari" mara zote mbili. Nimepata 9 kati ya 25 na neno moja pembeni: "Hujachambua." Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mbinu umezitambua vizuri, huko sina neno. Kilichokuangusha ni hilo jedwali. Nimehariri filamu miaka mingi, na kila muhula naletewa kazi zilizoandikwa kwa jedwali hilohilo, nyingine zikiwa na makosa yaleyale ya tahajia. Likunje uliweke pembeni, tuiangalie jezi.

Hapa kwetu jezi nyekundu mtaani ni Simba kabla haijawa kitu kingine chochote. Anayeiona dakika ya kwanza haoni damu wala hatari. Anaona mtoto wa watu anayependa mpira. Kisha jezi inapotea, linakuja koti jeusi, na kijana anafanana na wenzake hadi ukimtafuta kwenye kundi unachelewa kumpata. Halafu jezi inarudi ikiwa kwa mdogo mtu. Hebu irudie hiyo shoti, yaani kile kipande cha picha kati ya mkato mmoja na mwingine: inamtosha au inamfika magotini? Amesimama wapi, mlangoni kwa mama yake au upande wa barabara inakokwenda kijiweni? Kapewa, au kaitoa mwenyewe kitandani kwa kaka ambaye harudi? Rangi ni ileile, lakini mwanzoni ilikuwa mchezo, na mwishoni ni nafasi iliyoachwa wazi ambayo mtu wa kuijaza ameshapatikana. Umeandika "hatari" hapa na "hatari" pale, na uchambuzi wote ulikuwa katikati ya maneno hayo mawili. Ukauruka.

Kinachonikera ni imani kwamba mbinu ina maana yake yenyewe, kama neno kwenye kamusi. Haina. Miaka 100 hivi iliyopita kule Urusi, mwongozaji filamu Lev Kuleshov alichukua uso uleule wa mwigizaji mmoja akauunganisha mara na bakuli la supu, mara na jeneza, mara na mwanamke aliyejilaza. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa kuonyesha njaa, kisha huzuni, kisha tamaa. Uso haukuwa umebadilika hata kidogo. Shoti inapata maana kutoka kwa jirani zake, iliyotangulia na inayofuata. Ukiing'oa ukaipeleka kwenye jedwali, umeshaiua.

Na engo ya chini ndiyo inayoonewa kuliko zote. Siku moja tulikuwa tunapiga sini sokoni. Nyuma ya mwigizaji watu walijaa, wote wanaikodolea macho kamera. Tukaishusha hadi usawa wa goti ili nyuma yake ibaki anga tu. Mhusika alikuwa mdaiwa anayeomba aongezewe siku. Baadaye nikasoma uchambuzi unaosema engo ile inaonyesha mamlaka yake. Mamlaka gani, mtu anaomba na sauti inatetemeka? Simwambii mchambuzi afuate shida zetu za siku ile, hazimhusu. Aangalie kilichomo kwenye fremu: mtu mmoja, anga tupu kichwani pake, hakuna wa kumtetea. Engo ileile ya jedwali, na hapo imemwacha mtu mkiwa.

Kwa hiyo kwenye filamu yako, kiongozi wa genge anapopigwa kutoka chini, uliza ni macho ya nani yanayomtazama. Kama kijana amekaa kwenye tofali na kamera iko usawa wa macho yake, ukubwa ule ni wa kiongozi machoni pa kijana, na filamu inaweza kuuvunja wakati wowote kwa kuinua kamera. Iliinuliwa? Dakika ya ngapi? Kabla au baada ya kijana kulivaa koti? Hapo ndipo alama zilipo.

Wanaouza majedwali haya, na wale wa semina za "uchambuzi wa filamu kwa siku moja", wanajua mwanafunzi ana haraka. Ila hasara haiishii kwenye alama zako. Vijana waliosoma kwa jedwali wakianza kutengeneza filamu, wanazitengeneza kwa jedwali. Zinafika mezani kwangu: taa nyekundu kila chumba, kisu kinachomolewa kwa mwendo wa taratibu, moshi wa sigara, mdundo mzito, genge zima linatembea kuelekea kamera kama wafalme. Kisha dakika mbili za mwisho mzee anahutubia kwamba ujambazi hauna mwisho mwema. Mtoto wa miaka 15 anayetazama anaondoka na kile kisu. Hotuba haikai hata mpaka nje ya mlango, kwa sababu kamera, mwanga na muziki vyote vilikuwa upande wa kisu. Nikiwauliza kwa nini walipunguza mwendo pale, wananijibu "inaongeza uzito." Uzito wa nini, hawajui. Wengi hata hawakuupanga. Walipiga fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde, wakaja kuzivuta ziende taratibu wakati wa kuhariri, na picha inarukaruka. Aliyepanga hupiga 50 akazicheza kwa 25, mkono unashuka laini. Jicho likizoea utaona tofauti hiyo bila kuambiwa, nayo ni ushahidi mzuri kuliko mstari wowote wa jedwali.

Fanya hivi. Fungua sini ya kijiweni, itazame mara tatu, mbili za kwanza ukiwa umezima sauti. Mara ya kwanza hesabu ni shoti ngapi kijana yuko peke yake kwenye fremu na ni ngapi yuko na kundi. Mara ya pili angalia kama kwenye kundi yuko pembeni au katikati, na anahamia lini. Mara ya tatu washa sauti usikilize kinachotoka nje ya picha, labda mama anaita, labda malori ya barabara ya Zambia, na kijana anageuka au hageuki. Andika kurasa mbili juu ya sini hiyo na ile jezi. Mbinu zilizobaki ziache. Na jedwali usimgawie mwenzako, lichane.