Kochi la Mama: Nilivishe Upya au Ninunue Jipya?

SWALI: Habari za kazi. Mama alituachia seti ya makochi, moja la watu watatu na mawili ya mtu mmoja mmoja, yana zaidi ya miaka 20 sasa. Hilo kubwa limebonyea katikati mpaka wageni wakikaa wanateleza taratibu wanakutana palepale. Mume wangu anasema tutupe tununue mapya, mimi roho inaniuma. Niliita fundi, akaangalia akiwa amesimama, akanitajia bei ya kuvisha seti nzima kitambaa kipya, na hiyo bei inakaribiana kabisa na seti mpya niliyoiona dukani. Si bora ninunue tu? – Msomaji wa shimoni

JIBU: Dada wa shimoni pole, ila hao wageni wanaokutana katikati wamenichekesha. Sasa kabla hujaendelea kubishana na shemeji, fundi aliyetaja bei akiwa amesimama hajaangalia kitu. Kochi linaangaliwa likiwa limepinduliwa miguu juu.

Anza na hili, wala huhitaji fundi. Kochi likiwa limesimama kawaida, shika kona moja ya mbele uinyanyue kama sentimita 15. Mguu wa kona ya pili ya mbele ukinyanyuka nao mapema, fremu bado imekaza. Ukibaki umeganda chini huku wewe unanyanyua tu, ujue fremu inajipinda, viungo vimelegea au kuna mbao imepasuka ndani. Halafu lipindue, toa kile kitambaa chembamba cha chini ambacho huwa kimepigwa pini, uchungulie. Ukikuta mbao ngumu zimeunganishwa kwa ndimi (ncha ya mbao moja imeingia kwenye tundu la nyingine) na gundi, kona zimewekewa vipande vya kushikilia, hapo umeshika mali, maana viungo vikilegea vinafunguliwa vinapakwa gundi upya na maisha yanaendelea. Ukikuta chipubodi, zile mbao za chembechembe zilizogandishwa kwa gundi, iliyoshikwa na pini peke yake, mmh. Chipubodi tundu la skrubu likishatanuka ndo basi, halishiki tena vizuri, na unyevu ukiingia inavimba kama mkate.

Mimi mwenyewe yalinikuta haya. Nilivisha kochi la chipubodi kitambaa kizuri cha gharama, kila aliyeingia anasifia, miezi haijapita mingi mguu ukang'oka na kipande cha ubao juu yake. Nikabaki na maiti iliyovaa kitambaa kizuri.

Ukiwa bado umeinama huko chini angalia na bungua. Vitundu vidogo vya mviringo na unga mwepesi kama wa mbao umedondoka. Kama huna uhakika ni wa zamani au wa jana, fagia vizuri, tandika karatasi nyeupe chini ya kochi uiache siku kadhaa, ukikuta unga mpya ujue wako kazini na lazima washughulikiwe kabla ya kitambaa.

Sasa tuje kwenye lile shimo lako maana hapo ndo naona unataka kulipia usichodaiwa. Toa mito ya kukalia yote, bonyeza kwa kiganja pale katikati palipobaki. Pakiwa pamekaza, mwenye kosa ni sponji tu, imechoka. Pakizama, basi ni mikanda iliyolegea au springi iliyochomoka kwenye kishikizo chake, na hiyo ni kazi ya kufungua chini, kukaza au kubadilisha, kufunga. Vyovyote vile sio seti nzima! Kama mito yako ina zipu na kitambaa bado kizima unabadilisha sponji peke yake, tena ya kochi moja. Wewe na shemeji mnabishana kuvisha au kununua, kumbe kochi lenyewe linaomba kitu cha tatu.

Kuhusu bei kufanana na ya dukani, fundi hajakuonea sana. Kiwandani wanakata vitambaa vya makochi mengi kwa mkupuo, yeye anafumua lako moja, anang'oa pini moja moja, anapima, anakata, anashona. Na kochi la watu watatu linakula kitambaa, kama mita 12 hadi 15 cha upana wa sentimita 140, kikiwa na maua makubwa ya kulinganisha au ni velveti ambayo manyoya yake lazima yalale upande mmoja kinaongezeka. Ila hiyo seti ya dukani, ulinyanyua kona? Uliuliza ndani kuna nini? Kama ni chipubodi na la mama ni mbao ngumu unalinganisha vitu viwili tofauti.

Sponji usinunue kwa kubonyeza na kidole. Ugumu ni kitu kingine, uzito ni kitu kingine, kuna sponji ngumu lakini nyepesi ambayo inakufa haraka. Uliza ina kilo ngapi kwa mita moja ya ujazo, ya kukalia itafute ya 30 kwenda juu, ya mgongoni hata nyepesi inatosha. Na unaweza kuhakiki kwa mizani: mto wa sentimita 60 kwa 60 wenye unene wa 12, kwa sponji ya 30, unatakiwa kuwa na kilo 1.3 hivi. Ukipima ukakuta gramu 800, mrudishie.

Liache liende kama fremu inajipinda na ni chipubodi, au lililowa maji ya mafuriko likabaki na harufu ya ukungu, au ukweli ni kwamba hata zamani hukuwahi kulipenda kulikalia, mgongo unauma. Kitambaa kipya hakipunguzi kina cha kiti. Kunguni sio sababu yenyewe, maana wanajificha hadi kwenye nyufa za kuta, utaleta jipya wahamie.

SWALI: Viti vyangu vya mezani vimechanika pa kukalia, naweza kufanya mwenyewe? – Mwenye stepla

JIBU: Unaweza, tena hiyo ndo kazi ya kujifunzia. Pindua, fungua skrubu (mara nyingi ni nne), kikalio kinatoka. Ng'oa kitambaa cha zamani, usivishe juu yake maana tabaka zikizidi kikalio hakirudi kwenye nafasi yake. Piga pini katikati ya kila upande kwanza, ndo uende kwenye kona huku unavuta, kona ziwe za mwisho. Na stepla iwe ya fundi, ile ya karatasi za ofisini utalia.